Kamba ya Kamiti na Mawe ya Mtaani



Tangu mwaka 1987 hakuna mtu aliyenyongwa kwa amri ya mahakama katika nchi yetu. Wa mwisho walikuwa Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu, askari wa Jeshi la Wanahewa, walionyongwa katika Gereza la Kamiti kwa hatia ya uhaini baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982. Tangu hapo kitanzi kimekaa bila kazi, lakini hakijateremshwa. Mahakimu na majaji wameendelea kutamka hukumu ya kifo, na vijana wa mitaa yetu wameendelea kuisikia wakiwa kizimbani. Je, adhabu hii ifutwe? Jibu langu ni kwamba ifutwe kabisa, tena sisi wa Eastlands tuwe wa kwanza kudai hivyo, ijapokuwa ni sisi tunaoishi karibu zaidi na jambazi.

Tuanze na asili ya kamba yenyewe. Kabla ya ukoloni, jamii zetu nyingi zilitoza fidia ya mifugo pale damu ya mtu ilipomwagika. Ni kweli kwamba baadhi ziliwaua wachawi na wezi sugu, na hatuna haja ya kulificha hilo. Lakini kitanzi cha Serikali, chenye jaji, kasisi na mnyongaji anayelipwa mshahara, kilikuja na mkoloni. Wakati wa Hali ya Hatari, kati ya mwaka 1952 na 1960, Waingereza waliwanyonga Waafrika zaidi ya 1,000 katika nchi hii, wengine si kwa kuua bali kwa kupatikana na risasi au kulisha watu kiapo. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957. Wazee wa Bahati, Kaloleni na Pumwani walikumbuka jinsi mitaa yao ilivyozingirwa na askari Aprili 1954, watu wakatolewa majumbani na kupangwa mistari. Sheria iliyowanyonga wapigania uhuru haikuzikwa pamoja na bendera ya Mwingereza. Tuliirithi, kisha tukaiongezea makali.

Nasi tulioupigania mfumo wa vyama vingi tunajua vyema jinsi makali hayo yalivyotumiwa. Mwaka 1982 Raila Odinga alishtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Baadaye mashtaka yaliondolewa, naye akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Mwaka 1990, mwaka ule ule wa Saba Saba pale Kamukunji, Koigi wa Wamwere na wenzake walishtakiwa kwa uhaini. Mashtaka hayo yalipoondolewa mwaka 1993, haukupita mwaka kabla ya Koigi kukamatwa tena na kushtakiwa kwa wizi wa mabavu, kosa jingine la kunyongwa. Mwaka 1995 mahakama ya Nakuru ilimtia hatiani kwa kosa dogo zaidi, naye akaponea kitanzi. Akina mama waliofunga kula katika Uhuru Park mwaka 1992, kisha wakapewa hifadhi katika Kanisa la Watakatifu Wote, walikuwa wakilia kwa ajili ya wana waliofungwa na sheria za namna hii. Basi anayesema kwamba adhabu ya kifo ni ya majambazi tu, aulize kwanza ni nani mwenye mamlaka ya kuamua jambazi ni nani.

Maandiko yanatukumbusha habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Hakuuawa na majambazi njiani. Aliuawa kwa utaratibu wote wa kisheria: barua zenye muhuri wa mfalme, baraza la wazee na mashahidi wawili wa kununuliwa. Mwisho wake shamba likaenda kwa mkubwa. Katika nchi hii ya viwanja vya kunyakuliwa na mashahidi wa bei nafuu, ni Mkristo gani wa Eastlands atakayesema kwamba hadithi hiyo haimhusu?

Sasa tuitazame sheria ya wizi wa mabavu, kwa maana ndiyo iliyojaza Kamiti na vijana wetu. Adhabu ya kifo kwa kosa hili iliingizwa katika Kanuni ya Adhabu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wengi hudhani kwamba inamlenga yule mwenye bunduki anayevamia benki. Lakini kifungu cha 296(2) kinasema kosa limetimia ikiwa mwizi ana silaha ya hatari, au yuko pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, au amempiga au kumjeruhi aliyeibiwa. Neno la kuangaliwa hapo ni lile fupi la "au". Vijana wawili wasio na kitu mkononi, wakimpora mtu simu katika barabara ya Jogoo, wametimiza masharti ya kunyongwa. Aliyeiba mamilioni kwa kalamu ofisini hakutimiza sharti hata moja. Hii ndiyo sheria ya kulinda mali dhidi ya maskini, na maskini ndiye anayeilipia kwa shingo yake.

Tena tazama jinsi kesi yenyewe inavyoendeshwa. Mshtakiwa wa mauaji hupelekwa Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi Serikali ilimlipia wakili. Mshtakiwa wa wizi wa mabavu husikilizwa na hakimu, na kwa miaka hiyo hiyo alisimama peke yake, bila wakili, akihojiana na polisi kwa lugha asiyoimudu. Kabla ya Katiba ya 2010 hakuruhusiwa hata dhamana. Alikaa rumande, mamake akiuza mboga ili apate nauli ya kumtembelea, hata siku ya hukumu ikafika. Katiba mpya imeruhusu dhamana, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imefungua mlango wa kupata wakili. Lakini mlango kufunguliwa si sawa na kupita, na wengi waliohukumiwa kabla yake hawakupita.

Mahakama zenyewe zimesitasita. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ilisema katika kesi ya Mutiso kwamba si halali kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikageuka. Desemba 14, 2017 Mahakama ya Juu ikaamua katika kesi ya Muruatetu kwamba ulazima huo unakiuka Katiba. Julai 2021 ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji tu. Kwa maneno mengine, aliyeua alipata nafasi ya kumweleza jaji habari za maisha yake, na aliyepora akaachwa nje ya uamuzi huo. Je, hiyo ndiyo mizani ya haki?

Baadhi ya wenzetu husema: mbona kuhangaika, ikiwa hakuna anayenyongwa? Marais wamekuwa wakisamehe. Naam, wamesamehe. Mwaka 2003 Rais Kibaki alibadilisha hukumu za 195 na kuwaachilia 28. Mwaka 2009 akabadilisha hukumu za zaidi ya watu 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Kufikia mwaka 2016 safu ya wanaongoja kifo ilikuwa imejaa tena, na Rais Uhuru Kenyatta akabadilisha hukumu za watu 2,747. Mwaka 2023 Rais Ruto naye akabadilisha hukumu zote zilizotolewa kabla ya Novemba 21, 2022. Ninawashukuru wote watatu. Lakini huku ni kuchota maji ndani ya mashua bila kuziba tundu. Na lipo jambo zito zaidi. Tulipigana ili uhai na uhuru wa mwananchi usitegemee moyo wa mtu mmoja aliye Ikulu. Kalamu inayoweza kusamehe leo inaweza kesho kutia sahihi ya kunyonga. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikaa miaka ishirini bila kutekeleza hukumu hizo, na Machi 2024 serikali yake ikatangaza kwamba itazitekeleza tena. Desturi njema bila sheria ni nyumba isiyo na msingi.

Sasa nifike kwenye hoja iliyo ngumu kuliko zote, ambayo si haki kuipita kando. Katika kanisa letu yumo mjane ambaye mumewe, utingo wa matatu, aliuawa usiku akirudi nyumbani na mapato ya siku. Nilipomwambia kwamba nataka adhabu ya kifo ifutwe, alinitazama kwa muda kisha akaniuliza, "Na mimi, ndugu yangu, ni nani atakayenihurumia?" Sikuwa na jibu la haraka. Yeyote anayepigania jambo hili na hajaulizwa swali hilo uso kwa uso bado hajaanza kazi.

Nilichomjibu baadaye ni hiki. Waliomuua mumewe hawakukamatwa. Kamba imekuwapo miaka yote hiyo, na haikumlinda mumewe, haikumlipia kodi ya nyumba, haikumsomeshea watoto. Jambazi haogopi ukubwa wa adhabu ambayo haamini itamfikia. Huogopa kukamatwa, na kukamatwa kunahitaji polisi wasiohongwa, taa barabarani na shahidi anayeweza kusema bila kuogopa kuvamiwa usiku. Tuna Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006 na Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014. Mjane huyo hakuwa amewahi kusikia hata moja kati ya hizo mbili. Serikali iliyomwahidi kitanzi ilimnyima haki yake, kisha ikataka aridhike na ahadi.

Wengine huonya kwamba tukiondoa kamba, watu watachukua sheria mikononi. Ndugu zangu, lini hawajaichukua? Miaka mingi iliyopita, asubuhi ya Jumapili, nilikuwa njiani kwenda ibadani nikakuta umati umemzunguka kijana aliyevishwa gurudumu. Walioshika mawe walikuwa majirani zangu, na mmoja aliimba nami katika kwaya. Nilipita upande wa pili wa barabara. Mpaka leo sijui kama kijana yule aliiba. Hukumu ya kifo ilikuwa imo katika sheria asubuhi hiyo, wala haikumzuia mtu kuokota jiwe. Naona kinyume chake: Serikali inayofundisha kwamba mwizi anastahili kufa haiwezi kushangaa wanafunzi wake wakifanya haraka. Na polisi wanaowapiga vijana risasi vichochoroni Mathare na Eastleigh, mauaji ambayo mtaalamu wa Umoja wa Mataifa Philip Alston aliyachunguza mwaka 2009, wamejifunza somo hilo hilo. Kamba, risasi na jiwe ni ndugu wa tumbo moja.

Wenzetu wametangulia. Afrika Kusini iliachana na adhabu hii mwaka 1995. Rwanda, iliyozika mamia ya maelfu, iliifuta mwaka 2007. Burundi ikafuata mwaka 2009, Zambia mwaka 2022 na Zimbabwe mwaka 2024. Papa Francis alibadilisha mafundisho ya Kanisa Katoliki mwaka 2018 ili kuikataa kabisa. Hata Kaini, aliyemuua nduguye shambani, aliwekewa alama ili mtu asimuue.

Basi tufanye nini? Tuwadai wabunge wetu wabadilishe vifungu vya uhaini, mauaji na wizi wa mabavu, na mahali pa kifo wapaweke vifungo vyenye kipimo, kulingana na uzito wa kosa. Yeyote atakayekuja kuomba kura katika viwanja vyetu aulizwe swali hili hadharani. Makanisa yatembelee wafungwa, na yatembelee vilevile wajane wa waliouawa, kwa bidii ile ile, ili pasiwe na anayedhani kwamba tumechagua upande. Na siku umati utakapokusanyika tena kandokando ya njia ya kwenda ibadani, aliye miongoni mwetu asivuke barabara. Asimame hapo, apige kelele, adai mtuhumiwa apelekwe mahakamani akiwa hai.

Mimi nilivuka. Ndiyo sababu ninaandika.