Karafuu Haitoi Sumu ya Gongo



Nilipokuwa Geita, baada ya kupita Shinyanga, nilikuta karafuu sokoni zikiuzwa kwa vifungu vidogo vidogo, nikafurahi. Nikamwuliza mama mwenye meza kama wanunuzi wanapikia pilau. Akacheka. "Mzee wangu, hizi hulowekwa kwenye gongo pamoja na mizizi. Vijana wa machimbo wanasema ni dawa ya uchovu."

Dawa chungu za namna hiyo si jambo geni duniani. Mwaka 1824 daktari Mjerumani, Johann Siegert, alitengeneza ile iitwayo Angostura huko Venezuela kwa maradhi ya tumbo, na hata leo wauza vileo hutia matone machache tu katika bilauri. Wako waitengenezao nyumbani. Huloweka magome machungu, maganda makavu ya machungwa na karafuu chache mno (zikizidi hufunika kila kitu, nasi twaijua tabia yake), kisha baada ya majuma mawili hivi huchuja. Lakini hao huanza na kileo cha kiwandani, ambacho nguvu yake imeandikwa juu ya chupa.

Machimboni huanza na gongo. Gongo imekatazwa na sheria, wala mnywaji hajui kilichomo. Ikiwa na methanoli hupofusha na kuua: Nairobi mwaka 2000 walikufa watu zaidi ya 100 kwa pombe ya namna hiyo. Karafuu haiondoi sumu hiyo hata kidogo. Tena huzidisha hatari, maana harufu yake huficha harufu nyingine, na ulimi huufanya ganzi, kama tuitiavyo kwenye jino bovu.

Najua wako watakaosema: kwetu kileo ni haramu, na anywacho mtu wa Geita si shauri letu. Mimi sikubali. Karafuu ni yetu, nayo ndiyo inayosingiziwa kuwa dawa. Nashauri chama kiwaombe wafanyabiashara wanaofunga vifungu hivyo watie kijikaratasi ndani: "Karafuu haitoi sumu ya gongo." Na chini yake waeleze chai ya karafuu na tangawizi, kwa huo uchovu.

Mama yule nilimwambia hayo yote. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akampimia kijana mmoja fungu jingine.