Tutafute Fedha za Chuo Mapema

Kila mwaka majibu ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapotangazwa, hutokea furaha kubwa, na nyuma ya furaha hiyo huja mashaka. Aliyefaulu huanza kukimbia huku na huku akiuliza, "Ada ya chuo nitaipata wapi?" Swali hilo ni jema, lakini kwa maoni yangu lafaa kuulizwa miaka miwili kabla.

Zamani Serikali ililipa karibu gharama zote za Chuo Kikuu. Tangu miaka ya 1990 wazazi na wanafunzi hushiriki kulipa, na kwa sheria ya mwaka 2004 ikaundwa Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Bodi hii huwakopesha wahitaji fedha za ada, chakula, malazi na vitabu. Mkopo si zawadi. Akisha kuajiriwa, mtu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe.

Lakini uhitaji hauna budi kuthibitishwa kwa karatasi. Hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima cheti cha kifo cha mzazi. Tena fomu hutiwa sahihi na mdhamini na kiongozi wa kijiji au mtaa.

Kaka yangu alifaulu vizuri. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina alilopewa na babu, na cheti cha shule kilikuwa na jina la ubatizo. Jambo hilo tulilitambua siku za maombi zilipokaribia kwisha. Baba alipanda basi kwenda Singida mjini mara tatu kwa ajili ya kiapo cha majina, akauza magunia ya alizeti kwa bei hafifu kwa kuwa hakuweza kungoja. Karatasi zilipokamilika, muda ulikuwa umepita. Kaka alikaa nyumbani mwaka mzima. Simlaumu mtu ye yote ila sisi wenyewe. Cheti kilikuwa sandukuni miaka yote, wala hakuna aliyekisoma.

Basi ndugu zangu wa Kidato cha Tatu, lisomeni jina lenu katika kila karatasi kabla hamjaandikishwa kwa mtihani wa Kidato cha Nne. Ninyi wa Kidato cha Tano, tumieni likizo ya kwanza kuhakikisha vyeti. Nasi wa Kidato cha Sita, mwongozo wa Bodi ukitoka tuusome wote, tuombe katika juma la kwanza.

Wanaosoma sayansi wakumbuke pia ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022, ambao hupewa waliofaulu sana. Huo haulipwi, na mlango wake ni alama za mtihani. Nafasi za kusoma nchi za nje, kama Uchina, hutangazwa na Wizara ya Elimu. Mtu akikuomba fedha ili "akufungulie njia," huyo ni mwizi, mkimbie.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi afikiri mtihani kwanza. Ni kweli, kwani bila kufaulu karatasi hizo hazina kazi. Lakini kusoma jina katika cheti hakumpotezei mtu hata saa moja, na mashaka ya ada humpotezea usingizi wa miezi.

Nawaomba walimu wetu watutengee Jumamosi moja katika kila muhula wa kwanza, kila mwanafunzi alete vyeti vyake vikaguliwe. Nanyi wazazi wetu, mkulima wa Singida hatafuti mbegu mvua ikisha kunyesha. Leo jioni fungueni sanduku, mtazame cheti cha mtoto. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na sisi nyumbani tumekwisha kuumia.