Hizi mbegu za rosemari zinatucheza

Wasee, tangu rosemari ianze kusifiwa kwa mambo ya nywele, kila mtu mtaani anataka kuipanda kwa balkoni. Ananunua pakiti, anapanda mbegu thelathini, anangoja mwezi mzima, zinatokea mbili. Halafu anasema hana mkono wa kupanda.

Manze, acheni kujilaumu. Rosemari ni mbishi. Hata mbegu nzuri huchipuka chache, tena polepole: wiki mbili, nne, saa zingine zaidi. Sasa ile iliyoning'inizwa dirishani kwa duka, ikipigwa na jua tangu siku hatuijui, unaitegemea kwa nini?

Kinachoniudhi ni hiki. Pakiti ya mbegu ya mahindi ina stika ya KEPHIS. Unakwaruza, unatuma namba kwa 1393, unajua kama ni halali. Pakiti ya rosemari mara nyingi imefungwa upya, haina tarehe, haina lolote. Na bei? Usiniulize.

Kwa hivyo pima mwenyewe kabla ya kujaza mkebe udongo. Weka mbegu kumi juu ya tishu iliyolowa, ndani ya kontena angavu yenye kifuniko, mahali penye mwanga na joto. Mwezi ukiisha na imechipuka moja tu, ushajua unacheza na nini.

Za kupanda usizifukie. Zitawanye juu ya udongo, zikandamize kidogo na kidole, nyunyiza maji badala ya kumwaga. Zinapenda joto la kama digrii 20, na Nairobi ya Julai usiku unaijua. Zilaze ndani, kando ya dirisha.

Najua kuna atakayesema, si ukate tu tawi kwa fensi ya jirani? Ni kweli, na mwenye fensi karibu aanze hapo: ncha laini ya sentimita 10, toa majani ya chini, chomeka kwa mchanga wenye unyevu. Itashika mizizi mapema kuliko mbegu. Lakini msee wa bedsita kule Pipeline, amezungukwa na simiti, atakata fensi gani? Huyo pakiti ndiyo njia yake, na pesa yake ni sawa na ya mkulima wa mahindi.

Ukienda dukani uliza mbegu zilivunwa lini. Muuzaji akianza kukuonyesha picha tamu iliyo mbele ya pakiti, mwambie ageuze nyuma.