Kumuenzi Fundi si Kumwiga

Ipo dhana iliyoenea miongoni mwa wapenda muziki, kwamba anayetaka kumtaadhimisha fundi aliyekwisha tangulia mbele ya haki hana budi kuzipiga nyimbo zake kama zilivyo, bila ya kuzidisha wala kupunguza, na kwamba ageuzaye hata sauti moja amemvunjia marehemu heshima yake. Dhana hiyo, ijapokuwa asili yake ni mapenzi, naiona ni potofu, na shahidi wangu ni santuri ya jazi iitwayo Directions in Music, iliyorekodiwa mbele ya hadhira katika ukumbi wa Massey Hall, mjini Toronto, Kanada, tarehe 25 Oktoba 2001.

Muziki ule ulikusudiwa kuwaenzi mafundi wa jazi marehemu Miles Davis na John Coltrane, waliozaliwa wote wawili mwaka 1926. Kwenye piano aliketi Herbie Hancock, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitumia lakabu ya Mwandishi kwa lugha yetu hii, na ambaye katika ujana wake, tangu 1963, aliitumikia bendi ya Davis; pamoja naye walikuwapo Michael Brecker kwa saksafoni, Roy Hargrove kwa tarumbeta, John Patitucci kwa besi na Brian Blade kwa ngoma. Mafundi wa daraja hiyo wangaliweza kunakili wapendavyo, lakini hawakunakili.

Usikilize Naima, wimbo ambao Coltrane aliuita kwa jina la mkewe. Katika santuri ya Giant Steps aliupiga kwa upole, akatosheka na lahani yenyewe bila ya kuitia mapambo. Pale Massey Hall, Brecker aliusimamia peke yake, pasipo piano, besi wala ngoma ya kumsaidia, akaizunguka lahani ile, akaiacha, akairudia, na kila aliporudi aliudhihirisha utajiri uliokuwa umesitirika ndani yake tangu mwanzo.

Tena, So What ya Davis na Impressions ya Coltrane zimeunganishwa kuwa kipande kimoja, wala si kwa sadfa: Coltrane, aliyeshiriki kuipiga So What mwaka 1959, aliuchukua msingi uleule wa mkubwa wake akajenga juu yake nyumba yake mwenyewe. Ikiwa hao tunaowaenzi ndivyo walivyoenziana, sisi tunapata wapi idhini ya kuwafunga warithi wao minyororo?

Atakayehofu kwamba kazi ya asili itapotea, na atue moyo: So What ya 1959 imehifadhiwa katika santuri, nayo haihitaji kivuli. Kilicho hatarini kutoweka ni ule ujasiri wa kutafuta, ambao hauhifadhiki ila kwa kutendwa, na hautendeki vema kuliko jukwaani, ambako sauti ikishatoka haifutiki.

Kwa hiyo nawanasihi wanaoandaa hafla za kuwakumbuka wanamuziki wetu: msiwatake vijana waige koo za marehemu. Wapeni nyimbo, wapeni muda na idhini ya kuzifasiri, kisha wadaini watunge na zao, kama Hargrove alivyoleta The Poet na Brecker akaleta D Trane mbele ya hadhira ileile iliyokuja kuwakumbuka wakubwa wao. Kwani fundi aliyeacha waigaji tu, fani yake imekoma pamoja naye.