Bibi wa Nani?



Hapa Kabezi mtu akisema "bibi yangu" anamaanisha mkewe. Kule Kigoma, kwenye ziwa hilihili, anamtaja mama wa mzazi wake. Ndiyo maana tulipomtaja darasani Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza wanawake wa TANU kule Tanganyika kuanzia 1955, wanafunzi walicheka: "Bibi wa nani?"

Kosa si lao, ni letu wakubwa. Kila siku tunasema Bibi Khadija, Bibi Aisha (r.a.). Hapo "bibi" ni mwenye heshima na kauli. Bibi Khadija alikuwa na biashara yake, na Mtume (s.a.w.) aliisimamia kabla ya kumwoa. Bibi Aisha aliwafundisha Masahaba. Majumbani tumelibana neno hilohilo likabaki la mke wa fulani tu. Hata mwanamke anayesomesha watoto wetu Juzuu Amma tunamwita "bibi ya ustadhi"!

Lugha hubadilika, hatukatai. Heshima isipotee nayo. Mwiteni mwalimu, na akiamua jambo la darasa lake, asikilizwe.

Wabillahi tawfiq.