"Na" na "au" katika kompyuta zisimuumize mkulima wa mahindi

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lilipoondolewa siku chache baadaye, waagizaji walitakiwa kusajiliwa, na mizigo kuwa na cheti cha kiwango cha sumu hiyo. Masharti ya namna hii yakiingizwa kwenye kompyuta yanaweza kuandikwa katika ontolojia, yaani mpangilio wa vitu na maana zake, ambao kompyuta huutumia kuamua mzigo upi uko kundi gani.

Tatizo ni kwamba kila mdau huongeza sharti lake, mpaka kanuni moja inajaa "na", "au" na "si". Chukulia iandikwe hivi: mwagizaji anayekubalika ni aliyesajiliwa, au aliyesajiliwa na mwenye ghala. Maneno ya mwisho ni ya bure, kwani mwenye ghala aliyesajiliwa tayari yumo katika kundi la kwanza. Yafutwe, wala hakuna atakayepoteza kitu.

Lakini si kila kurahisisha ni salama. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kanuni inaweza kusema: si mahindi yaliyozidi unyevu au yaliyozidi sumukuvu. Ikifunguliwa, "au" lazima igeuke kuwa "na": hayajazidi unyevu, na hayajazidi sumukuvu. Wanahisabati wanalijua hili tangu karne ya 19 kwa jina la Mwingereza De Morgan. Fundi akiiacha "au" mahali pake, mzigo mkavu wenye sumukuvu 30 utapita, kwa kuwa umetimiza sharti moja. Na mizigo ya hivyo ipo. Mahindi yaliyochelewa kukauka huota ukungu. Kuyaanika baadaye hupunguza unyevu, sumu ikabaki pale pale. Atakayelipia kosa hilo ni mchuuzi atakayerudishiwa lori zima likipimwa tena mbele ya safari.

Kwa hiyo vyama vya ushirika vidai kuonyeshwa kanuni iliyorahisishwa, kwa Kiswahili, kabla haijaanza kutumika. Viijaribu kwa mizigo minne: mkavu usio na sumukuvu, mkavu wenye sumukuvu, wenye unyevu usio na sumukuvu, na wenye vyote viwili. Unaopaswa kupita ni wa kwanza peke yake.