Mnavu Mmoja au Minavu Mingi?

Katika masoko ya Tanzania kuna mboga ya majani laini, yenye uchungu kidogo, ambayo huuzwa kwa jina moja tu: mnavu. Nchini Kenya Wakikuyu huiita managu na Wajaluo huiita osuga. Mwuzaji na mnunuzi huelewana bila taabu, na kitoweo cha jioni hupatikana. Hata hivyo, jina hilo moja hubeba mimea ya spishi kadhaa zinazokaribiana sana, na hapo ndipo mashaka ya mtafiti, ya mkulima na ya mwalimu yanapoanzia.

Mashaka hayo ni ya siku nyingi. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden aliikusanya mimea ya kundi hili chini ya spishi moja, Solanum nigrum, akazihesabu tofauti zake kuwa ni za aina ndogo ndogo tu. Mwaka 1768 Philip Miller wa Uingereza alizitambua Solanum villosum, Solanum americanum na Solanum scabrum kuwa spishi zinazojitegemea. Lakini jina la Linnaeus liliendelea kubandikwa juu ya karibu kila mnavu, hata katika Afrika Mashariki, ingawa Solanum nigrum halisi ni mmea wenye asili ya Ulaya na Asia. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza spishi 19 za kundi hili katika Afrika, Ulaya, Asia na Australia.

Je, spishi hizi hutofautishwaje? Njia ya kwanza ni kutazama umbo. Solanum villosum huiva matunda ya rangi ya chungwa au ya manjano. Solanum scabrum, ambayo hupandwa mashambani kwa ajili ya majani yake mapana, huzaa matunda makubwa ya zambarau iliyokolea, ambayo upana wake kwa kawaida huzidi milimita 10. Solanum americanum ina matunda madogo meusi yanayong'aa, na sepali zake hupinda nyuma tunda linapoiva. Solanum tarderemotum, mmea wa Afrika, nayo ina matunda madogo, na mara nyingi huchanganywa na hiyo iliyotangulia.

Macho ni shahidi mwema, lakini huweza kudanganyika. Mnavu ulioota penye samadi hutoa majani mapana, na ndugu yake wa mbegu ile ile aliyeota kwenye changarawe hutoa majani membamba na mafupi. Tena, mmea ukikaushwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, rangi ya tunda hupotea, na pamoja nayo hupotea mojawapo ya dalili zilizo bora.

Kwa sababu hiyo elimu ya urithi imeleta shahidi wa pili. Ncha changa za mizizi zikitayarishwa na kutiwa rangi ifaayo, kromosomu zake huweza kuhesabiwa kwa hadubini. Katika kundi la mnavu hesabu hufuata utaratibu wa kupendeza. Solanum americanum ina kromosomu 24 katika kila seli ya mwili. Solanum villosum na Solanum tarderemotum zina 48. Solanum scabrum na Solanum nigrum zina 72. Tofauti hizi si za kuandikwa vitabuni tu. Seli ya uzazi ya mmea wenye kromosomu 24 hubeba 12, na ya mmea wenye 48 hubeba 24. Zikiungana, chotara hupata 36, yaani seti tatu. Seti tatu haziwezi kupangika mbili mbili sawasawa wakati wa kutengeneza chavua na mayai, kwa hiyo chotara huyo kwa kawaida huwa tasa au karibu na kuwa tasa. Mimea miwili inaweza kufanana mbele ya macho, kumbe maumbile yameitenga.

Mwanafunzi makini atagundua kwamba shahidi huyu wa pili naye hatoshi. Hesabu ya kromosomu hutenganisha Solanum americanum na Solanum tarderemotum, ambazo macho huzichanganya. Lakini haiwezi kutenganisha Solanum tarderemotum na Solanum villosum, ambazo mtoto yeyote atazitenga kwa rangi ya matunda. Kila shahidi hujaza pengo la mwenzake.

Wako wanaodai kwamba, kwa kuwa sasa DNA husomwa kwa mashine, kazi ya kutazama majani na matunda imepitwa na wakati. Dai hilo lina kasoro mbili. Kwanza, sehemu mbili za DNA zilizopendekezwa mwaka 2009 kuwa alama za kutambulisha mimea ya nchi kavu, yaani rbcL na matK, hutoka katika kloroplasti. Katika mimea mingi yenye maua kloroplasti hurithiwa kwa mama peke yake, na spishi zilizo jirani sana mara nyingi hazitofautiani katika sehemu hizo. Pili, DNA haina jina juu yake. Hulinganishwa na sampuli iliyokwisha kupewa jina na mtu. Kama mtu huyo alikosea, mashine itayarudia makosa yake kwa haraka zaidi.

Suala hili linahusu afya na riziki ya watu. Matunda mabichi ya mimea hii huwa na sumu kama solanini, na kiasi chake hubadilika kwa spishi na kwa hatua ya ukuaji. Vitabu vya Ulaya huonya juu ya Atropa belladonna, mmea wa sumu kali wa jenasi nyingine kabisa, na msomaji asiye mwangalifu huweza kuuhukumu mnavu kwa kosa lisilo lake. Mkulima anayetaka majani mapana akipewa mbegu za spishi nyingine atapoteza msimu mzima. Na taarifa ya virutubishi iliyoandikwa chini ya jina lisilo sahihi haimsaidii mtu yeyote, maana hakuna awezaye kurudia kipimo bila kujua ni mmea gani uliopimwa.

Shule za sekondari hazina budi kushiriki katika kazi hii, wala hazihitaji maabara ya fahari. Magazeti ya zamani, ubao na mawe mazito vyatosha kukaushia mimea. Jambo la lazima ni kuandika, kabla mmea haujanyauka, mahali na tarehe ulipochumwa, rangi ya tunda, upana wake kwa milimita, na mwelekeo wa sepali zake. Penye hadubini, chavua ipimwe pia, kwani mimea yenye kromosomu nyingi huelekea kuwa na chavua kubwa zaidi. Nakala ya kila sampuli ipelekwe katika hifadhi ya mimea ya chuo kikuu, ambako wataalamu wa kromosomu na DNA wataweza kuichunguza.

Mwanafunzi aliyekariri kwamba mnavu ni Solanum nigrum amejifunza jina, tena pengine lisilo sahihi. Mwanafunzi aliyeweka minavu miwili mezani na kuuliza kama ni mmoja ameanza kujifunza sayansi.